Kasoro za Miura

Novemba 1965, kwenye maonyesho ya magari ya Turin, kampuni iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu ilileta gari lisilo na bodi. Lilikuwa fremu ya bati lililokunjwa, limetobolewa matundu kila mahali ili lipungue uzito, na nyuma ya pale ambapo dereva angekaa kulikuwa na injini ya silinda 12 iliyowekwa kimkingamo, kutoka upande wa gurudumu la kushoto hadi la kulia. Hakuna aliyewahi kuona injini ya ukubwa huo ikiwekwa namna hiyo kwenye gari la kuuzia watu. Kazi ya kulivika bodi ilipewa karakana ya Bertone. Machi 1966, huko Geneva, gari lilikuwa tayari: rangi ya chungwa, urefu wake kutoka ardhini haufiki kifua cha mtu mzima, na jina lake ni la mfugaji wa Kihispania wa mafahali wa kupigana, Miura.

Kutoka fremu tupu hadi gari kamili ilichukua miezi minne. Ninaanza na miezi hiyo kwa sababu kila fundi anayelikarabati Miura leo anashika kazi iliyofanywa mbiombio, na sehemu kubwa ya ubishi kuhusu ukarabati wa magari haya inatokana na jinsi mtu anavyoichukulia haraka ile. Wengine wanaiona kama deni la kiwanda ambalo sasa, kwa fedha na muda, linaweza kulipwa. Mimi naiona kama sehemu ya gari lenyewe.

Tuwatazame waliolitengeneza. Ferruccio Lamborghini, mwenye kampuni, alikuwa mtu wa matrekta. Baada ya vita vya pili vya dunia alikusanya injini na vifaa vya kijeshi vilivyobaki bila mwenyewe, akaviunganisha kuwa matrekta ya wakulima wa Emilia, akatajirika. Kisa kinachopendwa ni kwamba alinunua Ferrari, klachi ikamsumbua, akaenda kulalamika kwa Enzo Ferrari, akajibiwa kwa dharau, akaapa kutengeneza gari lake. Huenda kuna ukweli ndani yake, ila kisa kimesimuliwa mara nyingi mno na kila mara kinarudi kikiwa kimenenepa. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1963 alifungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese, na kwamba hakuwa na haja ya gari la mashindano. Alitaka magari ya starehe, ya kwenda mbali bila kelele.

Waliotaka kelele walikuwa vijana wake. Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, wahandisi, wote wawili walizaliwa 1936. Bob Wallace, dereva wa majaribio kutoka New Zealand, alizaliwa 1938. Marcello Gandini, aliyechora bodi pale Bertone, naye wa 1938. Siku gari linaonyeshwa Geneva, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametimiza miaka 30. Walikuwa wakiyapigia hesabu mawazo yao baada ya saa za kazi, wakamshawishi tajiri wao kwamba gari hili litatangaza jina la kampuni hata kama wanunuzi watakuwa wachache. Akakubali. Nadhani alikubali kama baba anavyokubali jambo ambalo amechoka kulikataa.

Injini walikuwa nayo tayari, ile iliyobuniwa na Giotto Bizzarrini, ya lita karibu nne. Shida ilikuwa urefu wake. Ukiiweka nyuma ya dereva kwa mtindo wa kawaida, pamoja na giaboksi, gari linakuwa refu kama basi dogo. Dallara alitazama Mini, kile kigari cha Waingereza cha mwaka 1959 ambacho injini yake imekaa kimkingamo na gia zake zimo chini ya injini hiyo hiyo, zikiogelea katika oili moja. Akalichukua wazo lile la gari la masikini akalipandisha hadi silinda 12. Injini na giaboksi vikamiminwa kama kipande kimoja cha aluminiamu. Oili ikawa moja pia.

Hapo ndipo tunapata kasoro ya kwanza, na ni kasoro nzuri ya kujadili. Meno ya gia yanaposagana hutoa vumbi la chuma. Kwenye gari la kawaida vumbi hilo linabaki kwenye giaboksi. Kwenye Miura linazunguka na oili hadi kwenye beringi za injini ghali kabisa. Kiwanda kililijua tatizo, na kwenye baadhi ya magari ya mwisho ya toleo la SV oili ya injini ilitenganishwa na ya gia. Sasa fundi wa leo analetewa Miura la mwaka 1967, injini imefunguliwa iko juu ya meza, na mwenye gari anauliza: kwa kuwa tumeshafungua, kwa nini tusitenganishe? Kwa upande wa uhandisi ni swali la busara. Lakini gari likitoka humo linakuwa Miura la 1967 lenye matumbo ya 1972, na mtu atakayelisoma baadaye atasoma uongo. Ningekuwa mimi, ningeliacha lilivyo na kubadilisha oili mara kwa mara. Oili ni rahisi kuliko historia.

Geneva kwenyewe, inasimuliwa, gari lilisimama jukwaani bila injini yake. Muda wa kuhakikisha kama inaingia chini ya bodi mpya haukupatikana, basi wakajaza uzito ili gari likae vizuri kwenye matairi yake, na kifuniko cha nyuma kikabaki kimefungwa hata waandishi wa habari walipoomba kuona. Oda zikamiminika. Kampuni iliyodhani itauza machache ikajikuta inalazimika kutengeneza kwa mfululizo kitu ambacho hakijajaribiwa vya kutosha. Wanunuzi wa mwanzo, matajiri na waimbaji na wana wa wafalme, ndio waliokuwa wajaribu wake bila kujua. Walipolalamika, Wallace aliingia garini, akaenda barabarani, akarudi na dawa. Toleo la S likaja 1968, SV likaja 1971, kila moja likiwa na fremu imara zaidi na nguvu zaidi: farasi 350, kisha 370, kisha 385. Utengenezaji ulikoma 1973. Kwa jumla yalitoka magari 760 na kitu.

Uzuri wake sitaueleza kwa kirefu, maana picha zipo na zinatosha. Nitataja mambo mawili ambayo picha hazisemi. Taa za mbele zilitoka kwenye Fiat 850 Spider, gari la bei ya chini, kwa sababu kiwanda hakikuwa na muda wala fedha za kutengeneza taa zake. Zinalala chali juu ya boneti, zikiwashwa zinainuka. Gandini akazizungushia vijiti vyeusi vinavyofanana na kope, na kope zile zikawa alama inayotambulika kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hilo. Haraka na ufukara wa kiwanda vilizaa urembo. La pili ni kwamba bodi ziligongwa kwa nyundo na mikono ya watu Turin, fremu zikatengenezwa Modena na karakana ya Marchesi, kisha vyote vikakutana Sant'Agata. Kwa hiyo upande wa kushoto wa Miura haulingani kabisa na wa kulia. Kifuniko cha gari moja hakikubali kukaa sawasawa kwenye gari la pili.

(Kuna wanaodai kwamba mistari ya mwanzo ilikuwa ya Giorgetto Giugiaro, aliyeondoka Bertone mwishoni mwa 1965, na kwamba Gandini alimalizia tu. Gandini alifariki 2024 na ubishi ukabaki. Ukiangalia alichokifanya baadaye, gari la Countach peke yake, ni vigumu kuamini kwamba alihitaji kuazima.)

Sasa gari la namna hiyo linapofika kwa mkarabati, baada ya miaka 50 na ushei, kinachoonekana kwanza ni kutu. Fremu ni visanduku vya bati jembamba, na ndani ya visanduku hivyo rangi haikufika. Maji yakiingia hayatoki. Kiwandani hakuna aliyeshughulika na jambo hilo, kwani nani alidhani gari la mbwembwe lingetakiwa kuishi nusu karne? Fundi anakata bati lililooza, anaunga jipya, na hapo hakuna ubishi: fremu iliyooza itaua mtu. Ubishi unaanza anapofika kwenye bodi. Pengo la mlango wa kushoto ni pana kuliko la kulia. Lilikuwa hivyo siku gari linatoka kiwandani. Je, alinyooshe?

Wengi wananyoosha. Mapengo yanapimwa yakawa sawa kutoka juu hadi chini, rangi inapigwa tabaka juu ya tabaka, inasuguliwa mpaka inafanana na maji yaliyotulia, na ngozi ya viti inashonwa kwa mshono ulionyooka kuliko ule wa fundi wa 1968 aliyekuwa na viti vingine vya kumaliza kabla ya jioni. Gari hilo likipelekwa kwenye mashindano ya urembo ya magari ya kale, linapata zawadi. Ni kazi ya ustadi mkubwa na ninaiheshimu. Lakini Miura hilo halikuwahi kuwapo. Mtu ametengeneza gari ambalo kiwanda kingelitengeneza kama kingekuwa tajiri, kina muda, na kimejaa wazee waangalifu.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina hati yake, Hati ya Turin, inayochota mawazo kutoka Hati ya Venice ya 1964, ile ile inayowaongoza wahifadhi wa majumba ya kale, yawe ya Italia au ya Lamu. Msimamo wake ni kwamba kutunza kilichopo kunatangulia kukarabati, na kwamba umri wa kitu na alama za kutumika kwake ni sehemu ya thamani yake. Kwenye majengo wazo hili limeshazoeleka. Kwenye magari bado linapata tabu, kwa sababu gari ni kitu kinachong'aa na mwenye gari anataka ling'ae.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama mtu anayeabudu kila kasoro. Kuna moja isiyostahili huruma. Juu ya injini ya Miura kumekaa kabureta nne za Weber, kila moja na makoo matatu, zilizobuniwa kwa ajili ya mbio, mahali ambapo injini haitulii. Mjini, gari likingoja kwenye foleni huku linanguruma polepole, petroli ilikuwa na tabia ya kujikusanya pale juu. Dereva akikanyaga ghafla, cheche moja ilitosha. Miura kadhaa yameteketea hivyo, na mengine yameteketea kwa mipira ya mafuta iliyokakamaa kwa uzee ikapasuka juu ya injini ya moto. Fundi anayerudisha mipira ya aina ile ile ya zamani kwa ajili ya uhalisi anacheza na maisha ya watu. Weka mipira mipya, toboa njia ya kuitoa petroli iliyotuama, weka kizimamoto karibu na kiti, na uandike kwenye daftari la gari kwamba umefanya hivyo. Kuandika ndiko kunakotofautisha ukarabati na ughushi.

Kisa kigumu zaidi ninachokijua ni cha Miura lisilo na paa. Bertone walilitengeneza moja tu, samawati hafifu, wakalionyesha Brussels Januari 1968. Lamborghini hawakuendelea nalo. Likauzwa kwa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa risasi na zinki, nao wakalivua, wakatengeneza upya vifaa vyake vingi kwa zinki na aloi zake, wakalipaka kijani, wakaliita ZN75, wakawa wanazunguka nalo kuonyesha wenye viwanda vya magari nini zinki inaweza kufanya. Miaka mingi baadaye lilinunuliwa, likakarabatiwa Marekani, na mwaka 2008 likaonekana Pebble Beach, California, likiwa na samawati yake ya Brussels, kana kwamba zinki haikuwahi kuligusa.

Kila nikikifikiria kisa hiki nabadilika. Gari lilikuwa la samawati kwa miezi, likawa la zinki kwa takriban miaka 40. Kwa hesabu hiyo, waliolikarabati wamefuta maisha yote ya mtu mzima ili kurudisha utoto wake. Upande mwingine, kazi ya Gandini ilikuwa moja tu duniani na ilifunikwa na tangazo la biashara. Hukumu yangu, kwa leo, ni kwamba walifanya sawa kurudisha umbo, na kwamba vifaa vya zinki vilistahili kusimama kando ya gari hilo kila linapoonyeshwa, si kwenye sanduku ghalani.

Afadhali kile cha filamu ya The Italian Job ya mwaka 1969. Miura la chungwa linapanda milima ya Alps likiendeshwa na Rossano Brazzi, linaingia kwenye handaki, linagonga, kisha mabaki yake yanasukumwa bondeni. Yaliyosukumwa bondeni yalikuwa ya gari jingine, lililokuwa limeshapata ajali. Lile zima lilirudi kiwandani, likasafishwa, likauzwa kama jipya, na kwa miongo mingi wapenzi wa filamu hiyo waliliwinda bila kujua lipo wapi. Mwaka 2019 kitengo cha Lamborghini kinachoshughulikia magari ya zamani, Polo Storico, kilithibitisha kwamba ni fremu namba 3586. Uthibitisho ulitokana na karatasi za kiwandani, kumbukumbu za waliokuwapo, na jambo dogo la viti. Gari lilikuwa na ngozi nyeupe. Kwa kuogopa kuiharibu wakati wa kupiga picha, walifunga viti vyeusi vya gari la majaribio, ila mito ya kichwa haikuweza kuondolewa kwa muda uliokuwapo. Ukitazama filamu utaona viti vyeusi na mito myeupe. Kama fundi fulani mwenye bidii angekuwa ameng'oa mito ile miaka ya 1980 akaweka mipya ili kila kitu kipendeze, ushahidi huo ungepungua.

Polo Storico ilianzishwa 2015 na inatunza nyaraka za utengenezaji: kila gari lilitoka na rangi gani, injini namba ngapi, ngozi gani. Ni hazina. Ni chanzo cha ubaridi fulani pia. Miura zuri sasa linavuka dola milioni moja, na bei hiyo inategemea namba kulingana na karatasi, basi gari linageuka hati ya benki yenye magurudumu. Linafunikwa kitambaa, linawekwa kwenye chumba kikavu, linangoja bei ipande. Na kukaa ndiko kunakoliharibu. Mipira inakauka, petroli inageuka gundi kwenye kabureta, breki zinashika, sili za oili zinapasuka. Miura linalotembea kila mwezi linaugua kidogo kidogo na linatibiwa. Lililofungiwa linaugua yote kwa pamoja.

Kulitembeza si starehe, na hilo lazima lisemwe. Injini iko nyuma ya kichwa chako, kioo tu ndicho kinachowatenganisha, na joto lake linaingia ndani pamoja na mlio wa cheni na gia. Tangi la petroli liko mbele, kwa hiyo kadiri mafuta yanavyopungua pua ya gari inakuwa nyepesi, na kwenye kasi kubwa usukani unaanza kusitasita mikononi. Klachi ni nzito. Wapo wanaoweka kiyoyozi cha kisasa, usukani wa umeme, breki za leo, ili liendesheke kama gari la mwaka huu. Sielewi kwa nini mtu huyo hanunui gari la mwaka huu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuujua mkono wa Gandini. Yeye ndiye aliyechora Lancia Stratos, ile kabari fupi yenye injini ya Ferrari Dino, iliyoipa Lancia ubingwa wa dunia wa mbio za rally 1974, 1975 na 1976. Mwaka 1975 ilikuja Safari Rally. Sandro Munari alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Tope na mashimo ya Kenya yaliipa 504 ushindi, gari ambalo hapa kwetu lilikuwa teksi na gari la familia, na Stratos halikuwahi kushinda Safari hata mara moja. Stratos nyingi zinazoonyeshwa leo hazina hata alama ya jiwe. Zimepakwa rangi mpya za mdhamini, zimesimama juu ya zulia. Mtu aliyesimama kando ya barabara ile ya udongo mwaka 1975 hangelitambua gari hilo, na huyo ndiye shahidi ambaye mkarabati angepaswa kumtafuta kabla ya kufungua kopo la rangi.

Ferruccio aliuza sehemu ya kampuni 1972 na iliyobaki miaka miwili baadaye, akaenda Umbria kulima mizabibu, na divai yake nyekundu akaipa jina la damu ya Miura. Kiwanda kilifilisika baada yake, kikapita mikononi mwa wengi, na tangu 1998 kiko chini ya Audi. Familia yake imefungua jumba la makumbusho Funo di Argelato, nje kidogo ya Bologna, na miongoni mwa vilivyomo ni Miura SV lililokuwa lake mwenyewe. Ukipata nafasi ya kufika, usilikimbilie hilo kwanza. Anza na matrekta, hasa ya mwanzo, utazame jinsi vipande vya vita vilivyounganishwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kula. Ukifika kwenye Miura baada ya hapo, chuchumaa kando ya mlango na ulinganishe mapengo.